Mlinzi Mwenye Kujua Kunyamaza



Moto ukikatika usiku, nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi ao Lubumbashi zinasema neno moja tu: "Bamekata tena!" Tunafikiri kuna mtu ameketi mahali fulani, kidole juu ya buto. Mara ingine ni kweli. Lakini mara ingine tena mwenye kukata si mtu. Ni kisanduku kilichofungwa ndani ya kabati ya chuma, kisicho na usingizi wala chuki. Watu wa kazi wanakiita relei.

Katika kanisa tunalochunga wako ndugu wanaofanya kazi katika posti za moto mkubwa. Nimewauliza maswali miaka mingi na wamenivumilia. Leo nataka kukueleza relei moja tu, ile inayolinda jedebare, kwa sababu kazi yake ni ngumu kuliko zote, na kwa sababu watu wetu wa chini ya ardhi wanaishi kwayo bila kujua.

Kwanza ujue jedebare ni kitu gani. Moto wa kwetu unatoka Nzilo na Nseke juu ya mto Lualaba, unatoka Mwadingusha na Koni juu ya mto Lufira, na tangu mwaka 1982 unatoka hata Inga, kwa njia ya waya yenye urefu wa kilometa 1.700 hivi mpaka Kolwezi. Njia hizo haziendi moja kwa moja mgodini ao nyumbani kwako. Zinakutana katika posti, juu ya vyuma virefu vilivyoinuliwa kwa vikombe vya poseleni. Vyuma hivyo njo jedebare. Ni kama meza moja: wengine wanaleta chakula, wengine wanachukua. Kila njia iliyofungwa hapo inaitwa departi, na kila departi ina dijonteri yake, ile mashini kubwa inayoweza kukata moto hata ukiwa mwingi namna gani.

Sasa fikiri: nyoka amepanda juu ya bare, ao mtumishi amesahau waya ya kuingiza moto katika udongo. Kursirkwi ikitokea pale juu ya meza, mitambo yote inatapika nguvu yake mahali pamoja. Amperi elfu nyingi. Chuma kinayeyuka, poseleni inapasuka, na mtu aliye karibu hana nafasi ya kukimbia. Ni kweli, kama bare haina mlinzi wake, walinzi wa posti za mbali wataona na watakata. Lakini wao wamepangwa kungoja kwanza, karibu nusu sekunde, ili wasiingilie kazi ya wengine. Nusu sekunde kwako ni bule. Kwa kursirkwi ni wakati mrefu sana. Relei ya jedebare inaamua ndani ya milisekunde 20 hivi, dijonteri zinafunguka, na kazi yote inaisha kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Inajua namna gani? Kwa hesabu yenye mtoto wa masomo ya msingi anaweza kufanya. Mwaka 1845 Mjeremani Gustav Kirchhoff aliandika kanuni kwamba moto unaoingia mahali pa kukutana ni sawasawa na moto unaotoka. Haubaki pale, haupotei. Basi juu ya kila departi wanaweka kipimo kinachoitwa TC, kinachopunguza amperi nyingi kuwa amperi moja ao tano, na nyaya ndogo zinapeleka habari kwa relei. Tuseme njia mbili zinaleta 600 na 400, na departi tatu zinachukua 500, 300 na 200. Imeingia 1.000, imetoka 1.000. Tofauti ni sifuri, relei inanyamaza. Siku nyoka akipanda, zinaingia 9.000 na 6.000, na hakuna kinachotoka. Tofauti ni 15.000. Relei haiulizi mtu, inafungua dijonteri zote za bare ile.

Msomaji atasema: basi ni kazi nyepesi. Mimi pia nilisema vile, na mzee mmoja wa kanisa, fundi wa relei, alicheka. "Pasta," alisema, "kukata si kazi. Kazi ni kunyamaza."

Sikiliza sababu. Mvua ya Desemba inapiga. Radi inaanguka juu ya waya moja, kilometa tano mbali na posti. Kosa liko nje, kule njiani, na njia ile ina relei yake ya kuikata. Lakini kwa muda ule mfupi nguvu zote za meza zinapita katika departi ile moja. TC yake peke yake inabeba mzigo wote, na chuma cha ndani yake kinashiba. TC iliyoshiba haisemi tena kweli. Imepita 14.000, yenyewe inatangaza pengine 7.000. Relei ya jedebare inahesabu: zimeingia 14.000, zimetoka 7.000, nusu iko wapi? Ikiamini habari ile, inakata posti nzima, departi zote, kwa sababu ya kosa lisilokuwa la kwake.

Hapa njo kazi ya kupanga relei inapoanza, na mafundi wana njia mbili.

Ya kwanza ni ya zamani, na bado iko katika posti nyingi. Wanafunga nyaya zote za TC pamoja na kuweka mbele ya relei kizuizi kikubwa. TC iliyoshiba inakuwa kama mlango wazi, na moto wa uongo unapenda kupita mlango ule kuliko kusukuma kizuizi. Fundi anapiga hesabu ya siku mbaya kuliko zote. Tuseme TC ni za 1.000 kwa 1, na kosa kubwa la nje ni amperi 15.000. Katika nyaya ndogo hizo ni amperi 15. TC ina ohmu 5, nyaya zina ohmu 3, jumla 8. Mara 15, ni volti 120. Basi relei isikate chini ya 120. Fundi ataiweka 150 hivi. Tena TC zenyewe ziwe na nguvu ya kufikisha mara mbili ya ile, volti 300, mbele ya kushiba, ili siku ya kosa la kweli waweze kulia kwa sauti. Na TC zote ziwe za namna moja. Ukichanganya, hesabu yote imekufa.

Njia ya pili ni ya relei mpya zenye kompyuta ndani. Hizi hazitazami tofauti peke yake, zinatazama tofauti pamoja na jumla ya moto wote unaopita. Moto ukiwa mdogo, tofauti ndogo inatosha kuamsha. Moto ukiwa mkubwa sana, relei inadai tofauti kubwa mbele ya kuamini. Kwa maneno mengine, kelele ikizidi, mlinzi anataka ushahidi zaidi. Kipimo cha chini fundi anakipanga kati ya mambo mawili. Kiwe juu kuliko mzigo wa departi kubwa kuliko zote, ili waya moja ya TC ikikatika, posti isizimike. Kiwe chini ya kursirkwi ndogo kuliko zote, ile ya usiku wakati mashini moja tu ya mtambo inafanya kazi. Kama mambo mawili haya hayaachi nafasi katikati, fundi mwaminifu anasema wazi. Hafichi karatasi.

Tena kuna jambo lililonifurahisha kama mtu wa Neno. Katika posti kubwa relei ya bare moja haina ruhusa ya kukata peke yake. Kuna hesabu ya pili, inayojumlisha posti nzima, kutoka TC zingine. Zote mbili zikikubali, njo dijonteri zinafunguka. Torati katika Kumbukumbu 19 inakataa kumhukumu mtu kwa shahidi mmoja. Sijui kama waliotengeneza relei walisoma pale, lakini wamefika mahali pamoja.

Wengi wetu tunajua Ezekieli 33, mlinzi anayeona upanga na hapigi tarumbeta. Tunamhubiri sana. Lakini mlinzi anayepiga tarumbeta kila usiku kwa sababu ya mbwa, huyu tunamhubiri mara chache. Mji utafanya nini naye? Utamnyang'anya tarumbeta.

Ni jambo lililotokea. Katika mgodi mmoja, ambao sitautaja, posti ilizimika mara mbili ndani ya juma moja la mvua. Kila mara radi ilipiga nje, na kila mara relei ya jedebare ilikata departi zote. Pampu za kutoa maji zilisimama, ventilateri zilisimama, watu wa chini walipanda ngazi gizani. Unajua maana ya pampu kusimama. Mgodi wa Kipushi ulisimama kuchimba mwaka 1993. Mwaka 2011 maji yalijaa chini kwa sababu pampu hazikutunzwa, na uzalishaji ulirudi mwaka 2024 tu. Basi mkubwa wa mgodi ule alikasirika. Alimwambia fundi: "Funga hiyo relei. Iko inatuharibia kazi."

Fundi alikuja kwangu jioni, kofia mkononi. "Pasta, Maandiko yanasema tutii wakubwa. Nikiifunga, nalala namna gani? Nikikataa, watoto watakula nini?"

Nilimjibu: "Mzee, usikatae kwa kiburi. Umwombe akuandikie agizo lile, tarehe na sahihi. Halafu umwombe siku mbili za kutafuta sababu."

Sahihi haikupatikana. Siku mbili zilipatikana.

Wakaona nini? Miezi michache mbele, departi mpya ilikuwa imefungwa. Nyaya mbili za TC yake zilibadilishana nafasi. Moto uliotoka, relei ilihesabu kama umeingia. Departi ile ilikuwa bado na mzigo mdogo sana, basi kosa la hesabu lilikuwa chini ya kipimo, hakuna aliyeliona. Siku radi ilipopiga waya yake, kosa lilikuwa kubwa mara moja. Na posti ile haikuwa na shahidi wa pili. Relei haikusema uongo. Iliambiwa uongo, ikauamini.

Kwa hiyo nyinyi vijana mnaosoma umeme kule institi teknike, mshike hili: relei haijamalizika kupangwa siku unapoandika namba ndani yake. Unaingiza moto wa kujaribu katika kila TC, unatazama upande. Halafu, departi ikipata mzigo wa kutosha, unarudi kupima ile tofauti. Iwe karibu na sifuri. Watu wanasahau kurudi, kwa sababu sikukuu ya kufungua posti imekwisha na wakubwa wamekwenda. Tena usifungue kamwe waya ya TC wakati moto unapita: volti zinapanda pale penye mkono wako, na zinaua. Unaziunganisha kwanza pamoja, njo unagusa.

Tena penye jedebare mbili, seksioneri zinamwambia relei kila departi inakula meza gani. Ukihamisha departi kutoka bare ya kwanza kwenda ya pili, tazama kama habari imefika kwa relei, usitazame mkono wa chuma peke yake. Na kama dijonteri moja inakataa kufunguka siku ya hatari, relei ingine inangoja kidogo, milisekunde 150 ao 200, halafu inakata jirani zake wote.

Neno fupi kwa wale wanaoruka ukuta usiku kukata shaba. Ile waya inayoingia udongoni, unayoiona haina kazi, njo inayofanya mwenzako asife akigusa nguzo. Bei yake sokoni naijua. Jeneza pia lina bei.

Narudi kwa siku relei imekata kwa haki. Inajifunga, haikubali moto urudi mpaka mtu aje kuifungua kwa mkono. Hapo majaribu ya fundi yanaanza. Simu inalia. Mkubwa anauliza dakika ngapi. Mji mzima uko gizani na hospitali iko katika mji ule. Kufungua relei ile ni kugeuza ufunguo mmoja tu. Lakini fundi wetu anachukua tochi na karatasi yake, anatembea chini ya bare zote, pole pole, kikombe kwa kikombe. Anatafuta nyoka, ndege, chuma kilichoungua. Halafu anahesabu zile waya za kuingiza moto katika udongo, zenye watu wa mchana walitumia kazini. Karatasi inasema zilitoka sita. Ukutani zimetundikwa tano. Anaiacha simu ilie, anarudi nje na tochi kutafuta ya sita.