Kompyuta ya Gemu Sebuleni, kwa Mshahara wa Gazeti

Haya jamani, leo siasa tuziweke pembeni kidogo, tuzungumze jambo la sebuleni. Kwa miezi kadhaa nilikuwa natafuta, nanunua na kuiongezea nguvu kompyuta ndogo ya kuchezea gemu, ambayo sasa imekaa chini ya TV nyumbani kwetu. Kila ninayemsimulia anadhani nimepandishwa cheo au nimeanza kula bahasha za watu. Kwa hiyo naona bora niweke hesabu nzima hapa, mtu asije akasema hakuambiwa.

Kwanza, kwa nini. Mdogo wangu wa mwisho ana miaka 16, yuko kidato cha tatu, na kwa muda mrefu jioni zake zote zilikuwa za kibanda cha gemu mtaa wa pili. Mnavijua hivyo vibanda: TV tatu nne ukutani, PlayStation zilizochoka, benchi la mbao, mechi moja mia tano, anayefungwa anampisha mwingine. Mimi mwenyewe nimekulia humo humo, siwezi kuvitukana. Ila dogo alianza kurudi saa nne usiku, na nauli ya shule ikawa inaishia kwenye mechi. Siku moja Mama akatamka neno moja tu: "Hicho anachokifuata huko kileteni hapa." Mzee akaongeza sharti lake: taarifa ya habari ya saa mbili haiguswi.

Sasa hapo ndipo kazi inapoanza, maana sebule si chumba cha mtu mmoja. Zile kompyuta za gemu mnazoziona mitandaoni, boksi kubwa la kioo linalowaka taa za rangi kama gari la harusi, hazina mahali pa kukaa kwetu. Kabati la TV lina uwazi wa kina cha kutosha lakini kimo chake hakifiki sentimita kumi na tano. Halafu feni ikipiga kelele Mzee akiwa anasikiliza habari, mashine hiyo italala nje. Na umeme tunanunua wenyewe kwa LUKU, hakuna wa kutulipia.

Mtu ataniuliza, si ungenunua PlayStation 5 mambo yaishe? Nilifikiria. Mpya ni zaidi ya milioni moja, lazima uilipe yote kwa mkupuo, na gemu zake kubwa zinauzwa bei ya kuumiza. Kompyuta nanunua kipande leo, kingine mwezi ujao mshahara ukitoka. Tena dogo ataandikia kazi za shule humo humo. Na zipo gemu za bure kabisa: eFootball ya Konami, ile tuliyoijua kwa jina la PES mpaka 2021, na Rocket League ambayo ni bure tangu 2020.

Basi bwana, nikaingia Kariakoo. Siri yenyewe ni hii: usiulizie kompyuta ya gemu. Ulizia mashine ya ofisini, mtumba. Ofisi za nje zinabadilisha kompyuta zake kila baada ya miaka michache, na zile za zamani zinatua huku kwa makontena. (Kwetu, kama mjuavyo, boksi zima tunaliita CPU. Ukitaka prosesa peke yake jiandae kueleza.) Mashine hizi zimetengenezwa kuwashwa asubuhi na kuzimwa jioni mwaka baada ya mwaka, zina feni za kimya, na ni ndogo.

Lakini ndogo zina aina mbili, na hapa muwe makini. Ipo ile ndogo kabisa, kama kitabu kinene, ya upana wa sentimita 18 hivi na unene usiofika nne. Inapendeza, unaweza kuificha nyuma ya TV. Ubaya ni kwamba nyingi ya hizo hazina sloti ya kuchomeka kadi ya grafiki, kwa hiyo ulivyoinunua ndivyo itakavyozeeka. Ya pili ni ile nyembamba inayolala chini ya skrini, mnaziona benki na kwenye kaunta za hospitali. Hiyo ina sloti, ila inakubali kadi fupi tu, yenye nusu ya kimo cha kadi za kawaida. Mimi nilitaka hiyo ya pili, maana sikuwa na pesa ya kumaliza kila kitu siku moja.

Muuzaji wa kwanza akanionyesha moja yenye stika ya Core i7. "Bosi, hii ni i7, inabeba kila kitu." Nikamwomba aiwashe. Kumbe i7-2600, ya mwaka 2011! Hiyo stika inawachanganya wengi. Usitazame namba baada ya herufi i, tazama tarakimu zinazofuata baada ya kistari. i5-7500 ni kizazi cha saba, i5-8500 ni cha nane. Na tofauti ya hizo mbili si ndogo. Ya kwanza ina koa nne, ya pili ina sita. Kubwa zaidi, Microsoft walisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inazikubali rasmi kuanzia kizazi cha nane karibu zote, wakati cha saba na vya chini yake ni chache mno zinazopita. Ndiyo maana mashine za kizazi cha sita na cha saba utaziona kwa bei ya karanga. Kwa kuchapia barua hazina neno. Kwa kitu unachotaka kidumu miaka minne mitano sebuleni, ongeza pesa kidogo uchukue ya nane.

Nilikuja kuipata duka la nne, Septemba 2025: HP EliteDesk 800 G4, ile nyembamba, i5-8500, ram ya GB 8, SSD ya GB 256. Alianza na laki tano na nusu, tukashikana mikono kwa laki nne na ishirini. Kabla ya kulipa nilimwomba afungue mfuniko. Nilitaka kuona mambo matatu: sloti ya kadi iko wapi, pembeni yake kuna nafasi gani, na pawa saplai ni ya wati ngapi. Zipo mashine za aina hii ambazo sloti imebanwa na pawa saplai kiasi kwamba kadi nene haiingii hata ukiiombea dua. Yangu ilikuwa na nafasi ya kadi ya sloti mbili, na pawa saplai ya wati 250.

Siku niliyoileta nyumbani Mzee aliitazama, akavua miwani, akaitazama tena. Amefanya kazi ya uhasibu miaka zaidi ya thelathini. "Yaani nimestaafu, umeniletea ofisi sebuleni?"

Mwezi wa kwanza tulicheza bila kadi. Grafiki iliyomo ndani ya prosesa iliibeba eFootball kwa kujikongoja, picha imeshushwa, nyasi kama zulia lililochanika. Nguvu niliyoongeza kwanza haikuwa kadi, ilikuwa ram. Mashine ilikuja na ram moja, nikaweka ya pili ya GB 8 kwa elfu arobaini na tano. Wengi hawajui kwamba grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye ram, na ram mbili zinapitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Tofauti ilionekana usiku ule ule. Na nashukuru niliinunua mapema, maana mwishoni mwa 2025 bei za ram zilipaa dunia nzima baada ya viwanda kuelekeza nguvu kwenye vituo vikubwa vya data vya akili bandia. Desemba nilipomuuliza fundi yule yule, alinitajia bei zaidi ya mara mbili kwa ram ile ile. Du!

Kisha kadi. Hapa niliandika kwenye kijitabu changu kama vile nafuatilia ripoti ya CAG. Sloti ya mazabodi inatoa umeme usiozidi wati 75, na pawa saplai za hizi mashine hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kwa hiyo kadi yoyote inayotaka zaidi ya wati 75 futa. Ifute pia isiyo na toleo fupi. Mkononi unabaki na majina machache. AMD wana RX 6400, ya 2022, inakula wati 53 tu. Nzuri, ila imejengwa kutumia njia nne tu za sloti mpya zaidi kuliko zilizomo kwenye mashine hizi, kwa hiyo ukiichomeka huku inapoteza sehemu ya kasi yake. Nvidia wana GTX 1650 ya 2019, GB 4, wati 75. Na wana RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka Februari 2024, wati 70, ambayo ndiyo ningeichukua kama ningekuwa mbunge.

Nilichukua GTX 1650, mtumba, iliyoletwa kutoka Dubai ndani ya begi la jamaa yangu mmoja mfanyabiashara, laki tatu na thelathini. Faida nyingine ambayo sikuifikiria mwanzoni: ile HP nyuma ina tundu za DisplayPort, TV yetu inataka HDMI, na mwezi mzima tulikuwa tunatumia kiunganishi cha kuazima. Kadi ilikuja na HDMI yake. Nikaongeza SSD ya pili kwa laki na kumi, maana EA Sports FC, ile iliyokuwa FIFA mpaka 2023, inakula GB 100 peke yake. Hapo hapo niseme kwa wanaopenda Linux, mimi nikiwa mmoja wao: hiyo FC haikubali, mfumo wake wa kuzuia udanganyifu unaikataa. Nilibaki na Windows kwa ajili ya dogo. Pedi mbili elfu sabini. Jumlisheni wenyewe: laki tisa na sabini na tano elfu, ndani ya miezi minne.

Kilichotusumbua zaidi hakikuwa ndani ya kompyuta hata kidogo. "Braza, nikipiga pasi inafika kesho," dogo alilalamika. Nikaanza kuishuku kadi ya mtumba, kumbe ni TV. Hizi TV za siku hizi zinapokea picha, zinaisafisha, zinailainisha, ndipo zinaionyesha, na kwenye tamthilia huwezi kujua. Kwenye gemu kidole kimeshabonyeza na mchezaji bado anasubiri. Ukiingia kwenye menyu ya picha ukachagua hali iliyoandikwa Game, mapambo yale yanazimwa. Ni bure. Pia fungueni Steam katika hali ya Big Picture, maandishi yanakuwa makubwa ya kusomeka kutoka kwenye kochi, na pedi inatosha kuendesha kila kitu bila kipanya kwenye mto.

Joto la Dar nalo ni mtihani. Kabati letu lilikuwa na mgongo wa mbao, nikamwita fundi seremala akatoboa nyuma, hewa ikapita. Fundi wa kompyuta naye alipaka grisi mpya juu ya prosesa. Feni ikanyamaza.

Umeme je? Niliazima kile kipima cha kuchomeka kwenye soketi. Wakati wa mechi kompyuta inakula wati 130 hivi, TV 80. Saa mbili na nusu za kucheza ni kama nusu uniti, na kwa uniti ya shilingi 356 haifiki mia mbili. Nilimwonyesha Mama karatasi ile. Akasoma, akauliza, "Na hiyo ni mechi ngapi?" Nikamwambia nyingi tu. "Na kule kibandani mia mbili ni mechi ngapi?" Hata moja haifiki. Akaikunja karatasi, akaiweka kwenye pochi yake.

Saa mbili kasoro dakika mbili dogo anabonyeza Source kwenye rimoti, HDMI 1 king'amuzi, Mzee anakaa. Hajawahi kuchelewa. Wiki iliyopita nilirudi kazini nikamkuta amefungua mfuniko mwenyewe, anapangusa vumbi kwa brashi ya rangi, kitabu cha fizikia kiko wazi pembeni, akaniuliza kama wati ni volti mara ampea, basi hizo 75 za sloti zinapita kwa volti ngapi. Nikamwambia nyingi ni za volti 12. Akakaa chini akapiga hesabu.

Kibandani bado anakwenda, Jumamosi mchana, anarudi kabla ya magharibi. Anasema huko kuna watu wa kushindana nao. Mimi, kwa maneno yake, nafungika kirahisi mno.