Uvira: samaki wasioliwa katika nyumba iliyojaa wageni

Katika nyumba nyingi za mji wa Uvira, samaki huingia mlangoni akiwa amekwisha kufa: ndagala ndani ya kipimo, mukeke juu ya sahani, kuhe siku ya sikukuu. Ndiyo maana majirani wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, karibu na bandari ya Kalundu, walichukua muda kumwelewa. Sebuleni kwake, juu ya meza ya mbao nzito, kuna kioo cha maji chenye mchanga, mawe na majani marefu. Ndani yake samaki wadogo wanaishi, wanataga na kulea watoto wao. Hakuna hata mmoja anayekwenda kwenye sufuria.

Watoto wa mtaa wanakiita kioo cha samaki. Wenye kusoma wanasema akwariamu.

Mwalimu alianza na vipande vya kioo vilivyobaki kwenye kazi ya madirisha. Alivikata, akavishika kwa silikoni, akaviacha vikauke kwa siku kadhaa kabla ya kutia maji. Kioo cha kwanza kilikuwa na urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 40, yaani litre 160. Maji hayo peke yake yana uzito wa kilo 160, ndiyo sababu meza ya kwanza ilivunjika mguu. Kioo cha pili kilikuwa kidogo, kama litre 60.

Samaki wanne wa kwanza walikufa ndani ya wiki moja, na maji yalionekana safi kabisa. Hapo ndipo alipojifunza kwamba mfugaji wa samaki anafuga maji kwanza. Kinyesi cha samaki na chakula kinachobaki hutoa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo majani huitumia kama mbolea. Bakteria hao hawaji siku moja. Kioo kipya kinahitaji wiki 4 hadi 6 kabla ya kupokea samaki wengi. Tena maji ya ziwa Tanganyika yana pH ya juu, karibu 9, na katika maji ya namna hiyo amonia inaua upesi zaidi. Maji ya mvua nayo hayafai kwa samaki hawa, kwani hayana madini waliyoyazoea.

Kwa hiyo mwalimu huteka maji ziwani kwa bidoni na kubadilisha robo ya kioo kila wiki. Sifongo ya kuchuja huioshea ndani ya maji yaleyale ya kioo, ili bakteria wasife. Majani aliyopanda ni yale membamba kama utepe, wataalamu wanayaita Vallisneria, na yanaota pia ndani ya ziwa letu, penye mchanga. Mchana majani hutoa oksijeni, lakini usiku nayo huivuta kama samaki. Umeme ukikatika usiku na pampu ndogo ya hewa ikazima, mtu wa nyumba huamka, akachota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu, mara nyingi, mpaka samaki waache kuhemea juu. Chakula chao ni ndagala waliokauka, wasiotiwa chumvi, waliosagwa kuwa unga, pamoja na viluwiluwi vya mbu vinavyookotwa kwenye mapipa ya mtaani.

Samaki wenyewe jina lao la kitaalamu ni Neolamprologus brichardi. Ni wadogo, hawapiti sana urefu wa kidole, rangi yao ni ya udongo mwepesi, na mkia una ncha mbili ndefu kama uma. Jina la brichardi walipewa mwaka 1974 na Mbelgiji Max Poll, kwa heshima ya Pierre Brichard, aliyekuwa akisafirisha samaki wa Tanganyika kutoka Bujumbura kwenda kwa wafugaji wa nchi za mbali. Leo wanafugwa katika nyumba za watu huko Ujerumani, Ujapani na Marekani. Mtoto wa Ulaya anaweza kukueleza jinsi wanavyolea. Mtoto wa Kalundu anaogelea juu yao kila siku, na hajawahi kuambiwa jina lao.

Kisha wakaja wageni.

Vita ilipopanda tena katika milima ya juu, ndugu wa mke wa mwalimu walishuka kwa miguu. Nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa na watu saba ikawa na watu kumi na watatu. Familia nyingi za Uvira zinajua hesabu hiyo, kwani waliohama makwao wengi hawalali kwenye kambi. Wanalala kwa ndugu, kwa rafiki, kwa mtu wa kanisa moja. Chakula cha siku mbili kinaliwa siku moja. Foleni ya choo inaanza saa kumi ya usiku.

Siku ya tatu mama mkwe, aliyezaliwa na kuzeekea mlimani kati ya maharagi na mbuzi, alikaa mbele ya kioo kikubwa, akatazama muda mrefu.

“Mukwe,” akasema, “samaki hawa unawachunga kama mbuzi. Mbuzi mwisho wake ni sufuria. Hawa mwisho wao ni nini?”

“Mama, hawa ni wa kutazama tu.”

“Wa kutazama,” mama mkwe akarudia, taratibu, kama mtu anayehakikisha kwamba amesikia vizuri. Hakusema lingine.

Neno hilo lilimkaa mwalimu. Samaki wale wote wakikaangwa pamoja wasingetosha kumshibisha mtoto mmoja. Lakini unga wa ndagala wanaokula ni ndagala vilevile, na kioo kikubwa kina bei. Wiki hiyo hiyo alikiuza kwa mwenye hoteli mmoja, pamoja na mawe yake na nusu ya samaki. Pesa ikanunua unga wa muhogo, mafuta, na turubai ya kuongeza kivuli nyuma ya nyumba. Kioo kidogo kikabaki, kwani mke wake alikataa kisiuzwe. Alisema nyumba ikijaa watu wenye huzuni, inafaa kiwepo kitu kimoja ambacho hakijakimbia.

Aliyekizoea zaidi kioo hicho ni msichana wa miaka kumi na moja, binti wa kaka wa mke. Njiani kutoka mlimani ni yeye aliyembeba mdogo wake mgongoni. Alipofika Kalundu alikuwa msichana wa maneno machache. Kazi ya kulisha samaki alijichukulia mwenyewe, hakuna aliyemtuma. Ndiye aliyegundua kwamba jike ametaga chini ya jiwe bapa, na ndiye aliyeona jambo ambalo wafugaji wa ng’ambo wanalilipia pesa nyingi.

Mayai ya samaki hawa huanguliwa baada ya siku chache, na vitoto huanza kuogelea karibu na jiwe lao, vidogo kama nywele iliyokatwa. Samaki wengi wakifika hapo huwaacha watoto wajitegemee. Hawa hawafanyi hivyo. Watoto wa uzazi wa kwanza hubaki nyumbani. Jike akitaga tena, wale wakubwa husafisha mayai ya wadogo zao, hupepea maji juu yake kwa mapezi, huondoa mchanga unaoziba mlango wa jiwe, na humfukuza adui hata akiwa mkubwa kuliko wao. Unaweza kukuta uzazi wa mara tatu chini ya jiwe moja, kila mmoja na kazi yake.

“Papa,” msichana akasema jioni moja, “wale wakubwa wanalinda watoto wasio wao.”

“Ni wadogo zao.”

“Najua. Lakini si watoto wao.”

Mama mkwe, aliyekuwa akichambua sombe pembeni, alisogeza kiti chake karibu na kioo. Tangu siku hiyo hakuuliza tena habari ya sufuria.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, kama samaki hawa wangekuwa wema tu. Lakini watafiti waliowachunguza miaka mingi wameandika pia upande wa pili. Msaidizi akikua sana, au wakubwa wakiona hawamhitaji tena, humfukuza. Ziwani jambo hilo lina njia ya kutokea. Aliyefukuzwa anaogelea, anatafuta jiwe lingine au familia nyingine inayomkubali. Ndani ya kioo cha litre 60 anayefukuzwa hana pa kwenda. Anasukumwa kwenye kona, juu, karibu na hewa, anaumwa mapezi, na baada ya siku mbili au tatu anakufa. Wafugaji wote wa samaki hawa wanalijua jambo hilo: kioo kilichoanza na samaki wawili kinajaa, kisha kinaanza kuua.

Msichana alimkuta asubuhi samaki mmoja wa uzazi wa kwanza akiwa kwenye kona hiyo, mkia umechanika. Ni yuleyule aliyekuwa akiondoa mchanga mlangoni wiki iliyopita.

“Huyu amekosa nini?” akauliza.

Mwalimu alijibu ukweli: hakukosa kitu, nafasi imekwisha.

Msichana hakulia. Alileta beseni, akatia maji ya kioo, wakamhamishia humo pamoja na jani moja na kipande cha chungu cha kujifichia. Mapezi ya samaki huota tena maji yakiwa safi, na ya huyu yaliota kabla ya mwezi kwisha.

Siku hizo hata ndani ya nyumba mambo hayakuwa mazuri. Mtoto mkubwa wa mwalimu na binamu yake aliyetoka mlimani, wote vijana wa miaka kumi na sita, walikuwa wamepigana kwa ajili ya godoro. Maneno yalikwisha kutamkwa, yale ambayo kila mwenye kupokea wageni anayaogopa: hapa ni kwetu, nyinyi mlikuja. Baba yake aliyasikia kutoka uani.

Jumamosi iliyofuata mwalimu alifanya kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye kioo. Alijenga ukuta wa mawe katikati, akapanda majani mengi pande zote mbili, mpaka samaki wa upande huu asimwone wa upande ule. Wafugaji wazoefu hufanya hivyo, kwani samaki asiyeonekana hafukuzwi. Waliozidi aliwapeleka kwa mwalimu mwenzake mwenye kioo kitupu. Kazi ya pili aliifanya pamoja na mke wake. Walifunga kamba katika chumba cha vijana, wakatundika vitenge viwili, na chini ya turubai wakatengeneza mahali pa kulala pa tatu. Kisha wakaweka zamu ya maji, ya kuni na ya kulisha samaki, majina yote yakaandikwa kwenye daftari moja, bila kutenganisha wenyeji na wageni. Kelele hazikwisha, lakini godoro halikuleta tena ngumi.

Kuna somo lingine ambalo mwalimu hulitoa kwa watoto wanaokuja kutazama. Hutia konzi ya udongo ndani ya chupa ya maji na kuitikisa. Ndivyo inavyokuwa ziwani mvua inaposhuka kutoka milima iliyokatwa miti. Udongo unajaza matundu ya mawe, unafunika chakula kinachoota juu yake, na samaki wanaotaga chini ya mawe wanakosa nyumba. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita karibu 1470 na nchi nne zinaligawana, lakini sehemu kubwa ya aina zake za samaki wa mawe huishi pwani, pale udongo unapofikia kwanza. Aina zaidi ya 200 za jamaa ya samaki hawa, karibu zote, haziko popote pengine duniani. Watu wa Uvira walioona mafuriko ya Aprili 2020 hawahitaji kuelezwa udongo wa mlima unaweza kufanya nini. Hata hivyo, anayechoma makala ili watoto wale naye ni jirani, na mara nyingi ni mtu aliyekimbia. Mwalimu halifichi jambo hilo kwa wanafunzi wake.

Kwa familia zinazotaka kujaribu, haya ndiyo yanayosaidia. Kioo kipya kiachwe na maji, mawe na majani kwa mwezi mzima kwanza, na kianze na samaki wachache. Maji ya bomba yenye klorini yalale wazi siku moja kabla ya kutumiwa, na maji ya mvua yasitumiwe. Kabla ya kuingiza mkono ndani ya kioo, uoshwe kwa maji matupu, maana sabuni inaua samaki. Baada ya kuutoa, uoshwe kwa sabuni, kwani Uvira ni mji wa kipindupindu, na maji ya ziwa hayana usalama wa kunywa hata yakionekana maangavu. Samaki waliofugwa wasimwagwe ziwani, wasije wakapeleka ugonjwa. Na beseni la pili litayarishwe mapema, kabla ya yai la kwanza, kwa ajili ya yule atakayefukuzwa.