Mbao za Kabatini

Minneapolis

Baba mdogo,

Uliniuliza kwa simu inakuwaje sakafu ya sebule ichukue wiki tatu. Wewe ni seremala wa Keko, kwa hiyo nakujibu kwa kirefu.

Nyumba hii ilijengwa 1926. Sakafu yake ni ya mwaloni mwekundu, vibao vyembamba vya inchi 2¼ vilivyoshikana kwa ulimi na mfereji. Tulipobomoa ukuta wa kati, palibaki mfuo mrefu usio na mbao. Nilikwenda dukani nikachagua mwaloni kwa kulinganisha rangi. Fundi alipofika hakuitazama rangi. Alichovya ncha ya kipande cha zamani kwenye glasi ya maji, akapuliza ncha ya pili: mapovu yakatoka. Alipopuliza changu, maji yakatulia tuli. Nilikuwa nimenunua mwaloni mweupe, ambao vitundu vyake vimeziba; ndiyo maana huku hutengenezewa mapipa ya mvinyo. Nikaurudisha, nikanunua mwekundu.

Alichofanya baadaye ndicho nilichotaka ukione. Aling'oa taratibu mbao za ndani ya kabati la nguo, zilizokula miaka ileile na sebule, akazileta kuziba mfuo. Mbao mpya akazipeleka kabatini, gizani. Wala hakuacha ukingo ulionyooka, maana kiraka cha namna hiyo jicho hukiona kabla hujaketi. Alitoa ubao mmoja mrefu, wa pili mfupi, hadi za kabatini zikaingia kati ya za sebule kama vidole vya mikono miwili.

Kisha akapiga msasa sakafu nzima, namba 36, halafu 60, halafu 100. Nilipiga magoti nikapapasa maungio kwa kiganja, sikuhisi kitu. Kabla ya kupaka rangi alipitisha kitambaa chenye maji kila mahali ili vinyweleo vya mbao vifunguke, zote ziinywe rangi sawasawa. Vanishi ya mafuta akaipaka mara tatu, kila mkono akisubiri ukauke.

Mwambie mama mkeka wake wa ukili umefika salama. Bado nimeukunja. Vanishi inataka kama mwezi mzima kukomaa, na mwaloni hubadilika rangi kwa mwanga. Nikiutandika sasa, nitakapouinua patakuwa na alama ya mkeka pale chini.

Mwanao.