Sabini na Tano Mpaka Voi

Boxer yangu ya 150 haina saa ya mizunguko. Ina ya mwendo na ya mafuta, basi. Ndiyo maana nilimwuliza fundi wa Changamwe, alipokuwa akiikaza cheni jioni ya kuamkia safari, nitajuaje injini imezidiwa.

"Mwanangu, tazama vioo. Vikitetema hata trela la nyuma hulioni, injini yakwambia imechoka. Punguza."

"Niende ngapi?"

"Sabini, sabini na tano. Mia yafika, lakini usiiweke huko."

Nilitoka alfajiri. Mikindani hadi Miritini hakuna suala la kasi. Ni malori ya bandarini na wewe kupenya. Kazi ilianzia Mazeras. Ule mlima si mkali, ila ukiwa nyuma ya kontena unapanda polepole, hewa haipiti, na injini hii haina rejeta. Waendeshaji wengi hung'ang'ania gia ya nne hapo ili isilie. Sikubaliani nao. Injini inayogugumia kwa gia kubwa huku resi imefunguliwa yote huumia zaidi kuliko inayolia kwa gia ya tatu. Kelele si ugonjwa.

Baada ya mizani ya Mariakani magari yalipungua, nikaipandisha mpaka 75, nikaiacha hapo.

Mbona si zaidi, na chombo kinaweza? Nguvu zote za Boxer hii, farasi 12 hivi, hupatikana kwenye mizunguko 7,500 kwa dakika. Msukumo wake mkubwa uko chini zaidi, kwenye 5,000 hivi. Gia ikiwa ileile, mizunguko na mwendo hupanda pamoja. Kwa hiyo kama nguvu zinamalizikia karibu na kilomita 100 kwa saa, 75 ni mizunguko 5,600 hivi. Hapo pistoni inatembea mita 11 kwa sekunde, ikisimama na kugeuka kila inapofika mwisho wa njia yake. Ukiongeza mizunguko kwa robo, vishindo vya kugeuka huko vinaongezeka kwa zaidi ya nusu, na vinabebwa na vyuma vilevile na oili ileile, ambayo haifiki hata lita moja na nusu. Kwa mwendo wa kutoka Kisauni mpaka mjini, hayo hayana uzito. Tatizo ni kuishikilia hivyo saa nzima, joto likipanda bila kupata nafasi ya kushuka.

Upepo nao una hesabu zake. Kutoka 75 hadi 95, nguvu inayotumika kuupasua ni maradufu. Na faida? Mpaka Voi ni kilomita 150 na kitu. Utakuwa umeokoa dakika 25.

Samburu nikaipita, na Taru, vichaka vya kijivu na udongo mwekundu pande zote. Ni hapo kijana mmoja aliponipita amelala juu ya tangi, pikipiki kama yangu, sauti moja ndefu kama ya mashine ya kusaga. Sikumfuata. Mackinnon Road nilisimama penye kaburi la Seyyid Baghali, kando ya reli ya zamani, kama wasimamavyo madereva wengi, nikatoa sadaka. Injini ikapata kupumua.

Nilimkuta yule kijana Maungu, anakunywa chai. Pikipiki yake nzima, haina neno. Alikuwa akimimina oili.

"Yapungua?" nikamwuliza.

"Kila safari, kaka. Nusu lita. Mimi nimeshaihesabu kwenye nauli."

Hilo nililiheshimu. Anajua anachonunua, ingawa sidhani amehesabu pia bei ya ringi na pistoni. Mimi nilichomoa kijiti cha oili yangu, nikakifuta, nikakirudisha: iko palepale.

Voi iko zaidi ya mita 500 juu ya bahari, na barabara hupanda kidogo kidogo usione. Hata hivyo kwenda kulikuwa kwepesi, nami najua sababu: kusi ilikuwa ikivuma, na kusi humsukuma mgongoni anayetoka pwani. Wakati wa kurudi ilinikabili kifuani. Barabara ileile, inateremka, lakini baada ya Maungu nililazimika kufungua resi karibu yote ili mshale ukae 75. Mizunguko ilikuwa ileile ya asubuhi. Mzigo ndio ulioongezeka. Nikarudi 65, ambapo mkono ulibaki na akiba ya resi ya kumpita mtu, na trela la nyuma likaonekana vizuri kiooni. Mariakani niliingia jua limeshazama.