Marijani au Waridi

Mama alipomaliza eda, miezi minne na siku kumi, jambo la kwanza alilotutaka ni kuupaka rangi upya ukumbi wa nyumba yetu ya Liwatoni. "Iwe ile ile ya baba yenu," alisema. Chumvi ya bahari ilikuwa imekwisha kuubambua ukuta chini ya dirisha, na siku zote zile za kukaa ndani ukuta huo ndio aliokuwa akiutazama.

Sisi wanawe tulidhani ni kazi ya nusu siku. Dukani tulionyeshwa rangi mbili, marijani na waridi, na chini ya taa za duka hatukuweza kuzitofautisha. Jina nalo lilitukoroga. Mtu wa Mombasa akitajiwa rangi ya matumbawe hukumbuka mawe yaliyoanza kuijenga Fort Jesus mwaka 1593, nayo si mekundu. Kumbe aliyeipa rangi hiyo jina alikusudia marijani ya fedhaluka, ile ya shanga za bibi zetu.

Tulinunua makopo madogo mawili, tukapaka vipande viwili ukutani, kila kimoja mara mbili, tukangoja vikauke, maana rangi ya maji ikiwa mbichi haisemi kweli. Asubuhi vilikuwa pacha. Baada ya alasiri, jua la upande wa Kilindini lilipoingia, marijani ikawaka kama embe bivu, na waridi ikatulia kama pera lililopasuliwa. Tukagawanyika, na kusema kweli maneno yalikuwa makali kuliko yalivyostahili rangi.

Ndipo fundi alipolisogeza kabati. Nyuma yake, pasipofika jua, ukuta ulikuwa mwekundu wa komamanga. Hiyo ndiyo rangi aliyoipaka baba. Tuliyoizoea sisi ilikuwa imepauka mwaka baada ya mwaka mbele ya macho yetu, wala hatukujua. Sasa ile ile ni ipi?

Tulimwita mama. Alisimama pale kitambo, akaugusa ukuta kwa kiganja.

"Nilikuwa nimeisahau hii," alisema. "Nilimgombeza, nikamwambia imezidi."

Akachagua waridi. Fundi alimaliza siku ya pili kabla ya magharibi. Nyuma ya kabati hakupagusa. Mama ndiye aliyemkataza, na kabati likarudishwa mahali pake.