Kimya cha Silinda

Kimya peke yake si ushahidi. Mtu aliyelala na mtu aliyezimia hufanana machoni pa mpita njia. Awezaye kuwatofautisha ni yule awaitaye wote wawili, kisha akangojea itikio. Kanuni hii ya waganga ni kanuni ya mafundi wa injini pia.

Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ndipo inapoishia reli itokayo Kaliua. Kupita hapo, mzigo huchukuliwa na malori. Lori liendalo kusini kufuata mpunga wa Mpimbwe hupita Sitalike, likakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, penye nyati, viboko na simba. Dereva azimikiwaye na injini humo hana gereji ya kukimbilia.

Basi, lori moja la dizeli, lenye silinda sita, lililetwa kwa fundi mzee wa mji huo likitetemeka na kutoa moshi. Mafundi husema injini ya namna hiyo inamisi. Mwenye lori alikwisha kushauriwa kwingine abadilishe nozeli zote sita, gharama ambayo ingemeza faida ya msimu mzima. Mzee hakukubali wala hakukataa. Aliiacha injini ingurume polepole, akatwaa spana, akalegeza nati ya bomba la mafuta la silinda ya kwanza. Mngurumo ukapwaya, injini ikayumba. Akaikaza nati, mngurumo ukarudi. Silinda ya pili na ya tatu zikawa vivyo hivyo. Alipofikia ya nne, alilegeza, na hapana kilichobadilika.

"Hii ni nzima, fundi," alisema kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwake. "Haikutikisika hata kidogo."

"Sivyo, mwanangu. Asiyefanya kazi ndiye asiyepunguza kitu akiondoka."

Hata hivyo, hukumu ilikuwa bado. Kimya kile chaweza kuwa cha nozeli, au cha valvu isiyoziba, au cha pistoni iliyokwisha. Akaizima injini, akabadilishana nozeli ya nne na ya pili. Injini ilipowashwa tena, ugonjwa ulikuwa umehamia silinda ya pili. Ndipo aliponena kwamba nozeli mbovu ni moja, si sita.

Njia hii ina mipaka yake. Katika injini mpya za dizeli, mafuta husukumwa kwa nguvu inayozidi mara 1,000 ya ile ya hewa ya kawaida. Alegezaye nati injini ikinguruma aweza kupenywa ngozi na mafuta kama kwa sindano. Huko, silinda hunyamazishwa kwa amri ya kompyuta.

Tena zipo injini ambazo kunyamaza kwa silinda si maradhi bali maarifa. Gari liendapo bila kazi nzito, baadhi ya silinda hukatiwa mafuta na valvu zake hufungwa, ili petroli ipungue kutumika. Cadillac ya Marekani ilitoa injini ya namna hiyo mwaka 1981, ya silinda nane, iliyoweza kutumia sita au nne. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka uliofuata ikaondolewa katika magari yake mengi. Kompyuta zilipoendelea, maarifa hayo yalirudi katika magari ya makampuni mbalimbali. Ayapimaye huiamuru silinda inyamaze, kisha huiamuru irudi kazini. Akiridhika na nusu ya kwanza tu, aweza kumsifu maiti kwa utulivu wake.

Nozeli mpya ilipotiwa, mzee hakulipa lori ruhusa. Alianza tena silinda ya kwanza. Kila moja iliponyamazishwa, injini iliyumba. Kila moja iliporudishwa, ilitulia. Alipokwisha kukaza nati ya sita, aliifuta spana, akamwambia dereva aende, naye aivuke hifadhi kabla ya jua kuchwa.