Theluji Juu ya Ziwa
Mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuanza, nilikuwa nikisoma shule ya msingi karibu na mji wa Migori. Wakati huo bado tulikuwa Wilaya ya South Nyanza, makao yake Homa Bay. Kitabuni mlikuwa na picha ya chembe ya theluji, na msichana mmoja akauliza: kwa nini pembe sita, si tano wala nane?

Mwalimu wa sayansi alitupeleka uwanjani. Kila mtoto awe molekuli ya maji, akasema, na aungane na wenzake watatu, asizidi asipungue. Mikono ni miwili, basi wa tatu alikushika bega. Tukavutana, tukakanyagana. Mduara wa wanne ulibanana, wa wanane ukalegea, mpaka uwanja ukajaa watoto sita sita kama sega la nyuki. Hivyo ndivyo maji yanavyojipanga katika kila tabaka yakiganda, kila molekuli ikishika pia mwenzake wa nne wa tabaka jingine, kwa hiyo chembe huanza ikiwa bapa dogo la pembe sita. Pembe zimechomoza, hunasa mvuke kabla ya pande, zikarefuka zikawa matawi. Kwenye nyuzi 15 hivi chini ya sifuri matawi huchanua. Kwenye nyuzi 5 hutoka sindano. Akatutajia Ukichiro Nakaya wa Japani, aliyeotesha chembe ya theluji maabarani mwaka 1936, juu ya unywele wa sungura. Unywele wa sungura! Sisi sungura tulikuwa nao.

Kisha akatuonyesha mawingu yaliyokuwa yakipanda upande wa ziwa. Kuanzia kilomita 5 hivi kwenda juu, alisema, hata hapa ikweta kuna baridi ya kugandisha. Vilele vile vimejaa barafu, na sehemu kubwa ya mvua yetu ya radi huanza ikiwa theluji, ikayeyuka njiani. Mpaka siku ile nilidhani theluji ni ya Wazungu.

Baadaye nami nikawa mwalimu, Homa Bay. Kila nilipofundisha somo lile, swali lilikuwa moja: “Mwalimu, mbona mvua ya mawe haina pembe?” Siku iliponyesha tuliyapasua mawe kwa kisu, tukaona tabaka nyeupe na tabaka angavu zikipokezana. Theluji hujengwa na mvuke, molekuli moja moja, kila moja ikishika mahali pake. Jiwe la mvua hurushwa ndani ya wingu huku matone mazima yakiligandia kwa pupa, yasipate nafasi ya kujipanga.